Kufunga supachaja kwenye IST ya cc 1,300 nyumbani: je, injini itahimili?

Mkazi wa Gungu (Kigoma)

Habari za jioni, wakuu.

Nina Toyota IST yenye injini ya 2NZ, cc 1,298, gia boksi ya otomatiki. Mara mbili kwa wiki hupandisha mzigo kutoka Kibirizi kwenda Manyovu: magunia ya dagaa wakavu, madumu kadhaa ya mawese, pamoja na mdogo wangu wa kunisaidia kushusha. Kutoka mjini hadi Mwandiga gari linakwenda bila tatizo, lakini baada ya hapo, milima inapoanza, gia inarudi ya pili, injini inalia kwa nguvu na mwendo unashuka hadi kilomita 30 kwa saa. Wiki iliyopita nilipitwa mlimani na Noah iliyojaa watu hadi mlangoni, na sikufurahi hata kidogo.

Mwezi uliopita rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia kwa basi supachaja ndogo iliyotumika (pampu ya kuisukumia injini hewa ya ziada), imeandikwa AMR500 kwenye bamba lake. Nikizungusha puli kwa mkono, rota mbili za ndani zinapishana bila kugusana, na hewa inasikika ikinyonywa taratibu kama mtu anayevuta chai ya moto. Shafti haichezi. Sikupewa mabomba, mabano wala maelekezo yoyote.

Nimesoma umeme wa magari chuoni kwa mwaka mmoja, nina mashine ndogo ya kuchomelea na grenda, na uani kuna kivuli cha mwembe cha kutosha kufanyia kazi. Nia yangu ni kutengeneza bano la chuma, kuongeza puli kwenye kranki (shafti kuu ya injini), kisha kuipitisha hewa kwenye kifaa hiki kabla haijaingia kwenye menifoldi, yaani bomba linaloigawa hewa kwenye silinda. Naomba kufahamishwa mambo mawili na wale waliowahi kufanya kazi ya namna hii: ninaweza kutarajia nguvu kiasi gani, na ni kitu gani kitakachoharibika kwanza?

Mkerezaji wa Mwanga (Kigoma)

Kijana wangu, nimekereza puli na shafti kwa miaka mingi, na walioniletea kazi kama yako si wachache. Nitaanza na hesabu, kwa sababu chuma ukishakikata hakirudi.

Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Maana yake injini yako ya cc 1,298 inameza cc 649 za hewa kwa mzunguko mmoja. Namba 500 kwenye kifaa chako ni cc kinazosukuma kwa mzunguko mmoja wa kwake. Ukikifunga kwa puli zinazolingana, kitasukuma cc 500 mahali panapotaka 649, na badala ya kuisaidia injini utakuwa umeikaba koo. Wapo waliofanya hivyo na kulalamika kwamba wameuziwa kitu kibovu. Puli ya kranki ikiwa na kipenyo cha milimita 130 na ya supachaja milimita 72, uwiano unakuwa 1.8, na hapo unapata cc 900 kwa mzunguko. Hewa iliyozidi haina pa kwenda, inabanana ndani ya menifoldi, nawe unapata takriban PSI (kipimo cha mgandamizo) 5 au 6 juu ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Kwa injini isiyofunguliwa, usitamani zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Nguvu za farasi 87 zilizoandikwa kwenye makaratasi ya 2NZ zinapatikana usawa wa bahari. Ziwa letu tu liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 9. Kwa hiyo siku unapotoka Kibirizi, hata injini ikiwa mpya kabisa, unaanza safari na farasi 79 au 80, na kadiri unavyopanda kuelekea Manyovu wanazidi kupungua.

Jambo la pili ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto, na supachaja za aina hii ya rota mbili hupasha hewa kuliko zinavyopaswa, kwa kuwa hazibani hewa ndani yake, bali huisukumiza tu kwenye bomba ambalo tayari limejaa. Asili yake ni mashine ya kupulizia hewa viwandani: ndugu wawili wa ukoo wa Roots, huko Indiana nchini Marekani, waliipatia hataza mwaka 1860, kabla magari hayajakuwapo. Ukiingiza hewa ya nyuzijoto 30 na kuisukuma hadi PSI 5 au 6, inatoka na nyuzijoto karibu 90. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo mgandamizo umepanda kwa asilimia 40 na zaidi, lakini uzito wa hewa inayoingia silindani umeongezeka kwa takriban asilimia 20 tu. Farasi 79 ukiwaongezea asilimia 20 wanakuwa 95. Kifaa chenyewe, kwa mwendo wa juu, kinakula farasi kama 6 kupitia mkanda. Unabaki na 88 au 89, na bado hujarudisha nyuma muda wa plagi kuwaka, jambo ambalo ni lazima ulifanye na ambalo linakula nguvu zake.

Kwa maneno mengine, bila rejeta ya kupoza hewa, kazi yote hiyo itakurudisha tu kwenye zile farasi 87 za makaratasi, yaani utakomboa wale ambao Kigoma ilikunyang'anya. Si kitu kidogo unapokuwa mlimani, nakubali, tena supachaja hutoa msukumo wake tangu mwendo wa chini, tofauti na tabo inayosubiri moshi wa kuizungusha. Lakini injini ya 1NZ ya cc 1,500, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na hiyo yako na inakaa kwenye mikono ileile ya injini, ina farasi 109 usawa wa bahari. Hapa kwetu ni kama 99, bila mkanda wa ziada, bila joto na bila kukesha.

Ukiendelea na nia yako, zingatia mkanda. Mkanda wa nje wa 2NZ ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukiitegemeza supachaja juu ya mkanda huohuo, siku utakapokatika mlimani utapoteza na maji ya kupozea, na silinda hedi itapinda kabla hujapata mahali pa kuegesha. Puli ya supachaja iwe na mkanda wake peke yake. Puli ya kranki ina mpira katikati unaomeza mtikisiko wa injini, kwa hiyo usiichomelee kitu chochote, kwa kuwa joto la kuchomelea litauharibu mpira huo. Puli ya nyongeza hufungwa kwa bolti na hukerezwa ikae katikati kabisa. Ikipotoka hata kwa nusu milimita utauona mkanda unacheza kama kamba ya kurukia watoto. Pima kwanza nafasi kati ya puli na bodi, maana kwenye magari haya ni finyu mno.

Kabla ya yote hayo, pima mgandamizo wa silinda zote nne. Injini inayopumua kwa shida haisaidiwi kwa kupulizwa.

Mpita Njia wa Kasulu

Wakuu, kwa nini ahangaike na mikanda? Mtandaoni kuna supachaja za umeme, unaifunga kwenye bomba la hewa, unaunga nyaya mbili kwenye betri, kazi imekwisha. Nimeziona zikiuzwa kwa bei isiyozidi ya tairi moja.

Mkerezaji wa Mwanga (Kigoma)

Ndugu yangu wa Kasulu, hesabu ile ile niliyoitoa juu inakujibu. Kubana hewa ya injini hii kwa kiasi hicho kunahitaji zaidi ya kilowati 4 pale injini inapokuwa kwenye mwendo wa juu. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea zaidi ya 330, ilhali alteneta ya gari dogo hutoa chini ya ampea 100. Nyaya mbili nyembamba zinazokuja na kile kifeni hazipitishi hata sehemu ya kumi ya umeme huo. Wapo watengenezaji wakubwa wa magari huko Ulaya wanaofunga kompresa za umeme za kweli, lakini wameweka mfumo wa volti 48 kwa ajili hiyo. Kifeni cha bei ya tairi kitakaa kwenye njia ya hewa kama kizibo.

Starlet ya Isevya (Tabora)

Shikamoo mzee wa Mwanga, na salamu kwako mleta mada. Mimi nimelifanya jambo hili kwa mikono yangu hapa Tabora, kwenye Starlet EP82 yenye injini ya 4E-FE, cc 1,331, na supachaja ya ukubwa kama huo wako. Tabora iko juu kuliko Kigoma, kama mita 1,200 hivi, ndiyo maana hata sisi wa tambarare tunatamani hewa ya ziada.

Wiki ya kwanza nilisumbuliwa na mkanda. Nilikuwa nimepanga puli kwa jicho, nikaridhika. Baada ya kilomita 40 nilifungua boneti nikakuta upande wake wa ndani umepakwa vumbi jeusi la mpira, mstari mmoja ulionyooka kana kwamba mtu amepitisha brashi ya rangi. Mkanda ulikuwa umeliwa ukingo mmoja na nyuzi zake nyeupe zikionekana. Nilipoegesha rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli zote mbili, niligundua zimeachana kwa milimita tatu. Nililitengeneza bano upya, safari hii kwa bamba la milimita 10 lenye miguu mitatu badala ya miwili, kwa sababu bano jembamba hupinda injini inapovuta na kunyooka unapoachia mafuta, na hakuna mkanda unaovumilia hali hiyo. Niliongeza pia tenshona (puli ya kukaza mkanda) ili mkanda uizungukie vizuri puli ndogo.

Baada ya hapo gari likawa tamu kwa wiki tatu, na utamu huo ndio ulioniponza.

Kosa langu lilikuwa la mafuta, si la chuma. Starlet yangu hupima hewa kwa sensa ya mgandamizo wa menifoldi, na sensa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya injini isiyo na tabo. Mgandamizo ukipita ule wa hewa ya kawaida, inafika mwisho wa kusoma kwake. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inadhani hakuna kilichoongezeka na inatoa mafuta yaleyale, wakati hewa imezidi. Injini ya petroli inapovuta kwa nguvu ikiwa na mgandamizo wa ziada hutaka sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 11.5 hadi 12 za hewa. Yangu bila shaka ilikuwa mbali na hapo, nami sikuwa na geji ya kunionyesha. Niliamini masikio yangu.

Siku hiyo nilikuwa naelekea Nzega, barabara imenyooka, mchana wa mwezi wa kumi, jua la kupasua mawe. Nilisikia mlio mdogo kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa. Nilipoachia mafuta ulipotea, nilipokanyaga ulirudi. Ule ndio mgongano wa mafuta yanayolipuka yenyewe kabla ya wakati, na mtu mwenye akili timamu angeegesha palepale. Mimi niliongeza mwendo niwahi. Kilomita chache mbele moshi wa bluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma, na kijiti cha oili kikaruka nje ya tundu lake. Tulipofungua injini, pistoni ya silinda ya pili ilikuwa imevunjika ukingo ulio kati ya ringi (pete za pistoni) ya kwanza na ya pili, kipande chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ninacho mpaka leo kwenye droo.

Toyota wenyewe walipoiwekea injini hii tabo kiwandani, wakaiita 4E-FTE yenye farasi 135, waliushusha uwiano wa kubana (kiasi ambacho pistoni huibana hewa) kutoka 9.6 hadi 8.2, wakabadilisha na pistoni. Hiyo 2NZ yako ina uwiano wa 10.5, yaani iko karibu zaidi na mgongano kuliko yangu hata kabla hujaifunga chochote.

Kuhusu mafuta, mfumo wako una mtego mwingine ambao wangu hauna. Regeleta ya mafuta ya gari lako iko ndani ya tangi, hakuna bomba la kurudishia, na msukumo wa pampu haubadiliki kufuata menifoldi. Kwa hiyo PSI 6 zikiingia kwenye menifoldi, ni PSI 6 zilizopungua kwenye msukumo wa nozeli zinazonyunyizia mafuta, tena wakati uleule injini inapodai mafuta mengi zaidi. Utahitaji nozeli kubwa, pamoja na kontroli boksi ya ziada au ya kuprogramu upya, na sensa ya oksijeni yenye kusoma mchanganyiko kwa upana, si ile ya kawaida. Plagi ziwe baridi kwa daraja moja. Kwa NGK ni kupanda namba moja, na pengo lake lishushwe hadi kama milimita 0.8, vinginevyo cheche huzimwa na hewa iliyobanana. Usisahau vali ndogo ya kupumulia iliyoko juu ya injini. Isipozuia hewa isirudi, mgandamizo unaingia kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kusukuma oili nje kupitia sili. Hata hose ya busta ya breki ina vali ya namna hiyo, nayo ikaguliwe, kwani hapo hatuzungumzii injini tena bali kusimama.

Niliijenga upya injini yangu na inatembea hadi leo, ikiwa na rejeta ya kupoza hewa mbele na PSI 5 tu. Lakini gharama za awamu ya pili zilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya supachaja yenyewe. Watu wa bima nao niliwaandikia kuwaarifu juu ya mabadiliko hayo, maana kampuni ikiyagundua baada ya ajali ina sababu ya kukataa kulipa.

Kwa kazi yako ya mzigo na milima mirefu, ambako injini inavuta dakika kumi mfululizo bila kupumzika, mimi ningemfuata mzee. Mtindo wa kufurahia sekunde tano kisha kuachia, kama ninavyofanya mimi jioni, ni jambo jingine kabisa.

Mkazi wa Gungu (Kigoma)

Shikamoo mzee, na ahsante sana ndugu wa Tabora. Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kurudi na vipimo badala ya maneno.

Jumamosi niliazima geji ya mgandamizo kwa fundi wa jirani. Tulitoa plagi zote, tukachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, mdogo wangu akakanyaga pedali hadi chini na kupiga stata. Silinda ya kwanza ilisoma PSI 190, ya pili 188, ya nne 192. Nilisikitika mwanzoni, maana kitabu cha injini za familia hii kinataja kama 213, kisha nikakumbuka hesabu ya mzee: 213 ukitoa asilimia 9 ya Kigoma unapata 194, kwa hiyo hizo tatu ni nzima. Silinda ya tatu ilisoma 150. Nilirudia mara tatu nikidhani geji imekosea. Nilipodondoshea oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi na kupima tena, ilipanda hadi 175, nadhani hiyo inaonyesha ringi ndizo zilizochoka zaidi ya vali. Plagi yake pia ilikuwa na utandu mweusi wenye mafuta, wakati nyingine zina rangi ya kahawia.

Kumbe nilikuwa napanda Manyovu na silinda tatu na nusu.

Filta ya hewa nayo niliipiga kwenye shina la mwembe, likatoka vumbi jekundu la kujaza kiganja. Nimeweka mpya, na safari ya jana gari lilipanda kwa kilomita 40 palepale lilipokuwa likifika 30, ingawa mzigo ulikuwa pungufu kwa dumu moja, kwa hiyo sitadai mengi.

Mkerezaji wa Mwanga (Kigoma)

Ni ringi, usitafute mchawi. Ukifungua, nipitishie silinda hiyo niipime kabla hujanunua ringi mpya. Ikiwa imeliwa na kuwa na umbo la yai, ringi mpya hazitadumu miezi mitatu. Fanya hesabu ya oveholi, kisha ulinganishe na bei ya 1NZ iliyotumika ikiwa na kontroli boksi na nyaya zake. Ukiletewa injini, usilipe kabla hujaipima kwa geji ileile uliyoazima.

Mkazi wa Gungu (Kigoma)

Nitaileta silinda bloku wiki ijayo, mzee. Supachaja nimeiziba matundu yote mawili kwa tambara safi lililoloweshwa oili na kuiweka juu ya kabati. Kama kuna mdau wa Kigoma, Kasulu au Tabora anayefahamu 1NZ iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma, naomba anijulishe hapa.